Takataka za Mwalimu Eliezeri

Inspekta Maulida Abdulkarim hakuwa na tabia ya kumdharau mtu bure. Alimsubiri kwanza afungue mdomo.

Asubuhi ile ya Alhamisi, Agosti ya mwaka wa mgawo wa umeme, wawili walikuwa wameshafungua midomo kabla hajanywa chai. Wa kwanza ni mkuu wake, Mrakibu Wenseslaus, aliyemkabidhi jalada la kifo cha Machame na kumwambia kwamba upelelezi umekamilika, kilichobaki ni kupanga karatasi vizuri. Wa pili ni koplo aliyefika kwenye tukio, ambaye alijisifu kwamba kesi nzima aliimaliza bila kuvua kofia. Maulida alilisoma jalada akaona ni kweli hakuvua kofia. Hakufanya kitu kingine chochote pia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi iliyopita Mwalimu Eliezeri, mstaafu wa miaka sabini na mmoja, alikula mtori wake wa ndizi wa jioni nyumbani kwake kihambani, kwenye shamba la urithi wa ukoo. Haikupita saa moja akaanza kutapika na kujikunja, na gari lilipopatikana alikuwa ameshakata roho. Daktari akasema ni sumu, ya jamii ile ya kupulizia mibuni, ambayo haikosekani kwenye stoo yoyote ya Machame. Mtori aliupika Tabitha, mkamwana wake, mjane wa mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa akiishi hapo na mabinti zake wawili. Askari wakabeba sufuria, wakambeba na Tabitha. Kwamba Tabitha na wanawe walikula mtori wa sufuria hiyo hiyo na wote ni wazima, koplo hakuona kama linamhusu.

Saa nane mchana wa siku hiyo Tabitha angesomewa shtaka la mauaji. Shtaka hilo halina dhamana. Mtu akishasomewa anaingia gerezani kusubiri, na kusubiri kwenyewe kunaweza kula miaka, huku nyumbani mambo yanakwenda bila yeye. Na nyumbani yalikuwa yameshaanza kwenda. Jana, udongo wa kaburi haujakauka, ukoo ulikaa chini ya turubai la mazishi ukaamua kwamba kwa kuwa mtoto wa mwisho hakuacha mtoto wa kiume, kihamba kishikwe na Filemon, mtoto wa kaka yake Mwalimu, na wale mabinti watafutiwe pa kwenda. Maulida, aliyetumwa mazishini kumwakilisha mkuu wake, alikuwa amesimama pale pale akisikiliza, na hakuna mzee hata mmoja aliyeona haya.

Filemon huyo ndiye aliyemfanya alichunguze jalada badala ya kulipanga. Baada ya kuweka mashada, alikuwa amemfuata na kumwomba kwa adabu nyingi kwamba laptopu ya marehemu asiiguse mtu, yeye ataitunza kama kumbukumbu ya ukoo. Maulida alikuwa hajui hata kama ipo. Akaingia ndani, akaikuta juu ya meza ya Mwalimu, akaandika hati ya kuichukua, akaondoka nayo kwapani.

Basi saa mbili asubuhi alikuwa mtaa wa Njoro, mjini Moshi, kwenye karakana ya Pamela, mwanamke wa Rombo mwenye miwani minene na mikono ya fundi cherehani, ambaye kompyuta za nusu ya mji zilipita kwake zikiwa zimekufa na nyingine zikatoka zikiwa hai.

"Afande, hii ni bibi kizee," Pamela alisema akiigeuza. "Hawa Wajerumani wa usharika huwa wanawaletea wazee wetu hivi. Ya mwaka tisini na nane hii. Betri imekufa kabisa, ukiichomoa kwenye umeme inazima papo hapo. Tuna umeme mpaka saa saba, baada ya hapo ni zamu yetu ya giza."

"Iwashe."

Iliwaka polepole, ikinguruma kama jiwe la kusagia. Pamela akabofya folda ya picha. Kompyuta ikatafakari, kisha ikatoa kidirisha cha kusema kwamba haiwezi, nafasi haitoshi. Akabofya hati moja yenye picha, jibu likawa lile lile.

"Imeshiba," alisema. "Diski yenyewe ni gigabaiti nne tu, na hapa imebaki na megabaiti kumi na moja. Haina pa kupumulia. Ngoja niisafishe kwanza ndipo—"

"Usiguse kitu. Kumi na moja?"

"Kumi na moja."

Maulida alifungua jalada kwenye maelezo ya Filemon. Yalikuwa kurasa mbili, na moja na nusu zilieleza jinsi Filemon alivyo mtu mwema. Akasoma kwa sauti. "'Jumatatu ya wiki ile marehemu baba yangu mdogo alinikabidhi kompyuta yake niiondolee takataka na kuiongezea nafasi, kwa kuwa mimi ni mtaalamu. Nilikaa nayo dukani kwangu Pasua, nikaifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Jumamosi asubuhi nilimpelekea, pamoja na dawa yake ya kikohozi, kisha nikaelekea Arusha kwenye harusi.'" Akafunga jalada. "Siku tano mtaalamu anaongeza nafasi. Hiyo nafasi iko wapi?"

Pamela alivuta miwani chini akacheka. Kisha akafungua pipa la taka la ile kompyuta, na kicheko kikaongezeka.

"Huyo mtaalamu, afande, amezoa barua za mzee zote akazitupa pipani, halafu pipa hakulimwaga. Vitu viko humu humu, uzito ule ule. Ni sawa na kufagia nyumba halafu ndoo ya taka ukaiacha sebuleni. Ona: vyote vimetupwa Jumanne, ndani ya dakika tano. Baada ya hapo hakuna kilichofutwa tena."

"Kwa hiyo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa alikuwa anafanya nini na mashine ya mwenzake?"

"Hilo swali la kwako, la kwangu ni diski."

Maulida alipenda jibu hilo. Mtu anayejua kazi yake inapoishia alikuwa adimu mkoani Kilimanjaro, na kituoni kwao alikuwa hajapatikana bado.

Kwenye pipa mlikuwa na barua mia mbili na kumi na nne. Pamela alizinakili kwenye mashine nyingine ili zifunguke haraka, na Maulida akavuta kigoda akazisoma moja moja, akiamini kwamba mtu hatupi barua za mzee bila sababu. Saa nzima iliteketea hapo. Mwalimu Eliezeri alikuwa amemwandikia kila aliyewahi kukosea ndani ya Machame. Aliilalamikia kamati ya mfereji kwa kufungulia maji kabla ya zamu. Aliilalamikia kwaya kwa kuburuta wimbo. Aliiandikia redio mara kumi na tisa juu ya watangazaji wasiojua Kiswahili. Kila barua ilianza na siku, tarehe na saa, hadi dakika, kama mtu anayeandika daftari la mahudhurio. Maulida, ambaye hakupenda watu wengi, alijikuta anampenda marehemu.

Barua moja tu ilikuwa na uzito. Ilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ikiomba kihamba kiandikwe jina la Tabitha na mabinti zake kabla ya Krismasi, "maana ukoo wetu una watu wanaohesabu siku zangu kuliko mimi mwenyewe."

"Si ndiyo hiyo, afande?" Pamela aliuliza. "Filemon ameiona, akaitupa."

"Mkuu wangu ataisoma kinyume. Atasema Tabitha aliona ameshaandikiwa, akaona mzee anachelewa kufa." Maulida aliandika tarehe ya barua kwenye daftari lake. "Barua hii inamuuma Filemon kidogo na inamuuma Tabitha zaidi. Unaweza kunakili diski nzima? Tuichambue nakala, hii ya mzee ibaki kama ilivyo."

"Naweza. Lakini kwa mwendo wa bibi huyu, saa moja na nusu."

"Anza. Nakwenda Pasua kumwona mtaalamu."

Duka la Filemon lilikuwa la vifaa vya ofisi, fotokopi na kuchapa kadi, na ukutani kote kulikuwa na kadi za harusi, za kipaimara na za misiba, zimepangwa kama vyeti vya shule. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, suti nyeusi bado mwilini na kitambaa cha msiba kifuani, akiwaonyesha wateja wawili kijitabu cha kung'aa chenye picha ya Mwalimu Eliezeri. Alipomwona Maulida aliwaaga wale watu na kumvutia kiti.

"Karibu Inspekta. Umekuja kunirudishia ile kompyuta?"

"Bado tunaisifu. Hicho ni nini?"

"Huu ni wasifu wa marehemu, ule niliousoma jana kaburini. Kurasa nane, za rangi." Alimpa kwa mikono miwili. "Ukoo wetu hauzikwi na karatasi ya fotokopi, Inspekta. Watu wametoka Dar, wametoka Nairobi. Ukimsomea mzee kama huyu karatasi moja iliyokunjwa, utasemwa mpaka mtaa wa saba. Hata askofu mstaafu aliniuliza nimechapia wapi."

"Umechapia wapi?"

"Jalada na kushona ni Arusha. Hapa Moshi hawawezi."

Maulida alifungua kurasa taratibu. Kuzaliwa, ubatizo, shule, kipaimara, ndoa, vituo vya kazi, vyote na tarehe zake. Ukurasa wa saba ulieleza ugonjwa na saa za mwisho, kama desturi inavyotaka, maana mtu hazikwi kule mlimani bila watu kuambiwa alianza kuumwa lini, wapi, na alimwambia nani nini.

"Kazi nzuri," alisema, na alikuwa akimaanisha karatasi. "Arusha wanachukua siku ngapi?"

"Kawaida siku tatu. Mimi nina watu wangu, wananifanyia kwa mbili."

"Mzee alifariki Jumamosi usiku."

"Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwao. Jumanne jioni nikachukua. Jumatano tumezika."

"Kwa hiyo uliandika Jumapili."

"Jumapili, hapa hapa, machozi yananitoka."

"Kwa mashine gani?"

"Hii ya dukani."

"Jumapili Pasua haikuwa na umeme tangu asubuhi hadi usiku. Nilikuwa hapa kwa shangazi yangu, tulikula kwa mwanga wa koroboi."

Filemon alijifuta paji la uso kwa kitambaa cha msiba. "Nilitumia jenereta."

"Liko wapi?"

"Nimeliazimisha."

"Kwa nani?"

"Kuna jamaa. Jina limenitoka, si unajua msiba unavyochanganya."

"Najua," Maulida alisema. "Na ile kompyuta ya mzee uliisafishaje?"

Hapo Filemon alirudi kwenye maji anayoyajua, akanyanyua mabega. "Niliondoa takataka zote. Unajua wazee, anaweka kila kitu. Niliiacha nyepesi kama mpya."

Maulida alimtazama kwa namna anavyomtazama mtu anayepaka rangi ukuta wenye ufa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa anaitembea kwa viatu vya kung'aa na anataka apigiwe makofi. Akamwomba nakala moja ya wasifu. Filemon akampa mbili.

Alipofika tena Njoro ilikuwa saa tano na nusu. Njiani alikuwa ameshampigia koplo na kumwagiza arudi Machame, safari hii avue kofia, atafute chupa ya dawa ya kikohozi iliyoletwa Jumamosi na ailete ikiwa na kifuniko chake. Koplo aliuliza chupa inahusikaje na mtori. Maulida alikata simu.

Nakala ilikuwa tayari. Pamela aliifungua na kuanza kumweleza kilichoila ile diski. Barua zilikuwa sehemu ndogo tu. Picha za kuskani zilikuwa sehemu. Sehemu kubwa ilikuwa vitu ambavyo Mwalimu hakujua hata kama anavyo.

"Hivi vinaitwa faili za muda," alisema. "Ukiandika kitu, programu inajiwekea nakala yake pembeni, kwa siri. Ukifunga vizuri inaifuta yenyewe. Lakini mashine ikizimika ghafla, ile nakala inabaki, na hakuna anayekuja kuizoa. Sasa chukua laptopu isiyo na betri, uiweke kwenye umeme wa mwaka huu." Alionyesha kioo. "Ziko mia tisa na zaidi. Kila umeme ulipokatika, mzee alibaki na takataka. Mtaalamu wako alitakiwa aanzie hapa. Ndiyo kitu cha kwanza anachofundishwa mtu. Nazifuta zote mara moja, utaona nafasi inavyofunguka."

Kidole chake kilikuwa kimeshashuka. Maulida alimshika kiwiko.

"Zipange kwa tarehe."

"Ni uchafu tu, afande."

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita, na sijawahi kukamata mtu kwa kitu alichokitunza vizuri. Zipange."

Pamela alizipanga. Wiki ile ya mwisho zilikuwa chache. Jumatatu hakuna. Jumanne na Jumatano hakuna. Alhamisi zilikuwa tatu: moja saa nne asubuhi, moja saa sita, moja saa kumi na dakika tano.

"Alhamisi mashine ilikuwa Pasua," Maulida alisema.

"Na Alhamisi ile Pasua umeme ulikuwa unakatika na kurudi, wateja wangu wawili waliunguza vifaa siku hiyo. Umekatika mara tatu, zimebaki tatu."

"Fungua ya mwisho."

Ilifunguka na alama nyingi za ovyo juu na chini, mistari ya vijisanduku na vikwaruzo. Katikati maandishi yalikuwa mazima. Pamela alianza kusoma kwa sauti ya kawaida, kisha sauti ikapungua, kisha akaacha kabisa na kusogeza kiti ili Maulida asome mwenyewe.

*WASIFU WA MAREHEMU MWALIMU ELIEZERI. Umeandaliwa na kusomwa na mwanawe, Ndugu Filemon, kwa niaba ya ukoo.*

Ubatizo ulikuwepo. Kipaimara, mwaka 1950. Ndoa. Vituo vya kazi. Mpangilio ule ule wa kijitabu cha kung'aa, hata koma zilikuwa zile zile. Na chini ya kichwa cha *Ugonjwa na kifo*:

*Marehemu alikuwa mzima wa afya hadi siku ya .................. jioni, alipoanza kuumwa tumbo ghafla baada ya chakula. Jitihada za kumwahisha hospitali hazikufua dafu, akafariki dunia saa ......... Bwana alitoa na Bwana ametwaa.*

"Yesu na Maria," Pamela alisema kwa sauti ndogo. "Alhamisi mzee alikuwa mzima bado."

Maulida alikuwa amezoea wauaji wenye hasira, wenye ulevi, wenye wivu. Huyu alikuwa aina mpya. Aliweza kumwua mzee aliyemlipia ada ya shule, lakini hakuweza kumzika na karatasi ya fotokopi. Arusha wanataka siku mbili, basi akaona heri wasifu umtangulie marehemu kuliko yeye kuchekwa na watu wa Nairobi. Mashine aliyoitumia ni ya mzee mwenyewe, kwa sababu tarehe za ubatizo na ndoa zilikuwa humo na alikuwa mvivu hata wa kuzinakili. Maulida aliomba maji.

"Wakili wake atasema saa ya mashine ni mbovu," alisema baada ya kunywa. "Bibi kizee, betri imekufa, tarehe za kubahatisha."

"Saa ina kabetri kake kadogo, ni tofauti."

"Hakimu hatakajua hako kabetri. Nataka kitu cha kumwonyesha. Mzee aliandika chochote baada ya kurudishiwa?"

Pamela alitafuta. Kulikuwa na hati moja, ya Jumamosi, saa nane na dakika kumi na nne mchana kwa saa ya mashine. Aliifungua.

*Jumamosi, saa 8:10 mchana. Filemon, umenirudishia mashine imejaa vile vile na barua zangu zote hazionekani. Sijui siku tano ulikuwa unafanya nini. Njoo kesho baada ya ibada unieleze. Mimi baba yako mdogo, E.*

Dakika nne kati ya mkono wa Mwalimu na saa ya mashine yake. Hizo zilikuwa dakika za kuandika barua; saa ya mashine ilikuwa sahihi.

"Huyu alizaliwa awe shahidi," Maulida alisema. "Chapa zote mbili. Kisha uandike maelezo yako, kila ulichofanya na saa yake, uweke sahihi. Umeme unaondoka."

Printa ilitema karatasi ya mwisho saa saba kasoro dakika tatu.

Filemon aliitwa kituoni saa saba na nusu, na alikuja haraka, amebeba mfuko wa kuwekea laptopu. Mrakibu Wenseslaus alikuwa amekaa pembeni na mikono kifuani, amekasirika kwa kucheleweshewa gari la mahakamani. Maulida alimwekea Filemon karatasi mbele.

"Jana ulisoma vizuri sana," alisema. "Mkuu wangu hakupata nafasi ya kuja mazishini. Hebu msomee."

Filemon alikohoa akaanza, na sauti ilikuwa nzuri kweli, sauti ya mtu aliyejifunza kusoma akisimama mbele ya watu. Alipita ubatizo, akapita ndoa. Hakuitazama karatasi sana, kwa kuwa alikuwa anaijua kwa moyo. Alipofika chini alisema "hadi siku ya," akanyamaza.

"Endelea."

"Hapa pana nukta."

"Naziona. Jaza."

"Hii ni… hii ni rasimu. Watu huandaa mapema, Inspekta. Mzee alikuwa mtu mzima sana. Hata wewe ukiwa na mgonjwa nyumbani, unajiandaa."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Alikuwa na kikohozi, kila mtu anajua. Kikohozi cha muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa namletea dawa."

"Umeandika tumbo."

Mrakibu Wenseslaus alishusha mikono.

"Umeandika tumbo," Maulida alirudia, "ghafla, jioni, baada ya chakula. Siku mbili kabla. Yeye mwenyewe alikuwa hajaambiwa."

Filemon aliitazama karatasi, kisha akaigeuza upande wa nyuma, kama kwamba huko kungekuwa na maelezo zaidi. "Sikuhifadhi humo," alisema taratibu. "Nilihifadhi kwenye disketi yangu tu. Nikahamishia kwenye mashine yangu. Sikuacha kitu."

"Ulipewa kazi moja na mzee wako," Maulida alisema. "Uondoe takataka. Ungeifanya vizuri, saa hizi ungekuwa unapima kihamba. Hata uchafu wako mwenyewe umekushinda kuzoa."

Mkuu wake alimwita askari wa zamu. Alipomaliza kutoa amri alimgeukia Maulida na kusema kwamba tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ule mtori. Maulida alimjibu "Ndiyo, afande," na hakuongeza neno, maana alichokuwa nacho moyoni kingemgharimu cheo. Koplo alipiga simu kutoka Machame: chupa ilikuwa dirishani, imeandikwa inywewe jioni baada ya chakula, imepungua vijiko viwili vitatu, na kwa hakika ilikuwa inanuka dawa ya mibuni.

Saa nane kasoro robo aliingia kwenye chumba cha mahabusu wa kike. Tabitha alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga aliyokamatwa nayo Jumapili bado begani. Alikuwa mwembamba kuliko Maulida alivyomfikiria. Aliposikia funguo alisimama, akaanza kujifunga kanga vizuri kwa ajili ya safari.

"Kaa, mama. Hutakwenda mahakamani leo. Wala kesho."

Tabitha hakukaa. "Wanangu wako wapi?"

"Kwa jirani. Watarudi nyumbani, na wewe utawakuta. Tumempata aliyefanya."

"Ni nani, afande?"

Maulida alimwambia, kwa maneno machache: laptopu, wasifu, Alhamisi. Tabitha alisikiliza akiwa amesimama. Aliposikia neno Alhamisi alikaa taratibu, kama mtu aliyeambiwa ashike kitu kizito.

"Alhamisi alinipigia simu," alisema.

"Filemon?"

"Aliniuliza baba alipata kipaimara mwaka gani. Alisema usharika unaandika orodha ya wazee. Mimi ningejuaje? Nikaenda kumwuliza baba mwenyewe, alikuwa kule chini anakata majani. Alifurahi, afande. Alifurahi sana kuona Filemon anauliza habari zake. Akanitajia mwaka, na siku, na jina la mchungaji. Akasema, mwambie aandike vizuri asikosee." Alishika ncha ya kanga. "Nikampigia nikamwambia asikosee."

Nje gari la mahakamani liliwashwa, likaondoka bila yeye.

"Kwa nini hukusema?" Maulida aliuliza. "Siku nne zote hizi."

"Hawakuniuliza. Waliniuliza sumu niliiweka saa ngapi. Asubuhi, mchana, jioni, hilo tu." Akainua macho. "Na wewe ndiyo kwanza nakuona leo."

Jalada Maulida alikuwa nalo tangu asubuhi. Alikuwa amesoma barua mia mbili na kumi na nne za mtu aliyekufa, amevuka mji mara mbili, amepekua uchafu wa mashine hadi chini, na ngazi kumi na mbili za kuja kwenye chumba hiki hakuwa amezishuka. Aliona aibu, tena si ndogo, na hapakuwa na koplo wa kumtupia.

Alivuta benchi la upande wa pili, akakaa uso kwa uso naye, akafungua kalamu.

"Anza hiyo Alhamisi," alisema. "Taratibu tu, mama. Naandika yote."